Marekebisho Arobaini na Tatu

Machi 9, Jumatatu

Kaka Waya,

Leo ni wiki ya saba tangu tukuzike, na leo ndiyo nimefungua kompyuta yako kwa mara ya kwanza. Vumbi la kwenye herufi nililipuliza kama ulivyokuwa ukipuliza skrubu kabla ya kuirudisha tunduni. Halafu nikakaa kwanza.

Kilichonifanya nifungue ni barua ya kampuni inayotukodishia seva. Wanasema kuanzia Juni mosi mashine zao hazitabeba tena programu za zamani, na jukwaa lako la mtandaoni la mafundi friji ni la zamani. Lisasishwe kabla ya hapo, la sivyo litazimwa. Miaka kumi na moja ya mafundi kuulizana na kujibizana. Machapisho elfu themanini na nane, na elfu sita kati ya hayo ni maneno yako. Sina sauti yako mahali pengine. Picha ninazo tatu, na katika mbili umefumba macho.

Ulikuwa ukiniambia, "Karani, kila unachogusa, kiandike." Basi nitaandika.

Machi 11, Jumatano

Mvua imeanza. Chumba chako cha nyuma kinavuja pale pale, juu ya lile friji ulilokuwa umelifungua tumbo. Nimeweka sufuria.

Machi 14, Jumamosi

Nilimwomba wifi ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani kwake, kwenye meza yako, maana mtandao wa kwangu unakwenda kwa kuchechemea. Alikuwa anakunja nguo. Hakuinua macho.

"Umekuja kumtazama mke mwenzangu?"

Unajua hivyo ndivyo alivyokuwa akiliita jukwaa. Zamani tulikuwa tunacheka wote watatu. Leo tulicheka kidogo, kisha kila mmoja akatazama pembeni.

"Nitakaa kimya, wifi. Hutanisikia."

"Kusikia si tabu. Kaa. Ila usiniite nije nione kitu humo ndani. Miaka kumi na moja nimeitwa nije nione."

Nimelipata daftari lako la miraba. Marekebisho arobaini na tatu, yote yana namba, jina la faili, mstari, na sababu. Sasa nimeelewa ulichokuwa ukifanya. Programu ya jukwaa uliichukua kwa watengenezaji wake kama watu wote, kisha ukaingia ndani ya mafaili yao wenyewe ukakata na kushona. Kwa hiyo kila toleo jipya linapokuja linaleta mafaili mapya, na mkono wako wote unafutika. Ndiyo maana ya daftari: baada ya kila sasisho ulikuwa unakaa na kurudishia moja moja.

Na. 7: Kitufe cha IMEPONA. Sababu: watu wakishajibiwa wanayeyuka kama barafu, hatujui friji lilipona au lilikufa.

Na. 12: Picha zisikatwe pembeni. Sababu: namba ya kompresa hukaa pembeni siku zote.

Nilicheka peke yangu hadi wifi akagonga ukuta.

Machi 21, Jumamosi

Nimeweka jukwaa la majaribio kwenye kompyuta yako, nakala kamili, ili nikiharibu niharibu huku na si kule. Ni kazi ya kufuata maelekezo, na maelekezo ndiyo kazi yangu. Dukani mimi huchapa barua za watu siku nzima neno kwa neno, hata zile nisizozielewa.

Toleo jipya limekubali kuingia. Jukwaa likafunguka likiwa safi, jeupe, na wewe haumo. Hakuna IMEPONA. Hakuna onyo jekundu la gesi inayowaka. Ilikuwa kama kuingia chumba kilichohamwa.

Machi 22, Jumapili

Na. 1 hadi Na. 4. Macho yanauma.

Machi 30, Jumatatu

Nimewatangazia wanachama kwamba tunajiandaa kuhama toleo. Mstaarabu akajibu, "Hongera dada, tuko nyuma yako." Wengine kumi wakaandika hivyo hivyo. Kisha akaja Pilipili. Unamjua, ni yule fundi mwenye picha ya bisibisi, asiyesalimia.

"Dada mtu, unajua tofauti ya faili na fagio? Marehemu alikuwa fundi. Wewe ni nani? Kama huwezi sema huwezi, tuhamie kwenye kundi la simu tuendelee na kazi."

Watu ishirini na sita wakaweka alama ya kukubaliana naye. Niliandika majibu manne, nikayafuta yote manne. La tano nililituma: "Mimi ni mdogo wake. Najifunza."

Aprili 4, Jumamosi

Na. 9 ina maandishi nisiyoyasoma. Uliandika ukiwa na homa au ukiwa umesimama. Nilikaa nayo saa nzima. Wifi alikuja kumwaga maji ya sufuria, akatupa jicho juu ya bega langu.

"'Kabla ya kichwa, si baada.' Hiyo ka yake huwa kama kijiti."

"Ulijifunzaje kuusoma mwandiko huu?"

"Alikuwa ananiachia vikaratasi mezani. Ungeolewa naye ungesoma tu."

Akaondoka na sufuria. Na. 9 imekubali.

Aprili 12, Jumapili

Leo nina hasira na wewe, na sijui hasira ya namna hii huwekwa wapi.

Nimefika Na. 31. Umeandika: Ficha namba ya toleo chini ya ukurasa. Sababu: na hapo hukuandika kitu. Ndiyo sehemu pekee ya sababu iliyo tupu daftari zima.

Nikaenda kutazama tarehe. Sasisho la mwisho ulilifanya miaka mitatu iliyopita. Miaka mitatu, kaka! Nikarudi kwenye tangazo lako la mwaka jana, wanachama walipouliza kama jukwaa liko salama: "Msiwe na shaka, tuko sawa, kila kitu ni kipya." Haikuwa kweli. Uliificha namba ili wasione.

Nilitoka nikasimama barazani, mvua ikinipiga miguuni. Nilikuwa nakujua kama mtu anayeandika hata saa aliyobadilisha taa. Wifi alinikuta pale. Nikamwambia. Nilidhani atasema, "Si nilikuambia."

"Alikuwa anaogopa," akasema. "Mara ya mwisho alipolisasisha lilikaa chini siku mbili. Hakula. Watu walimtukana. Tangu hapo kila Jumapili ilikuwa 'wiki ijayo, wiki ijayo.'"

"Mbona hakuniambia? Ningemshika mkono."

"Wewe alitaka umwone fundi."

Aprili 13, Jumatatu

Umeme umekatika mchana kutwa. Dukani nimeandika risala ya harusi kwa mkono.

Aprili 19, Jumapili

Jukwaa kule kwenye seva limezidi kuchoka. Linafunguka nusu, picha hazipandi. Mstaarabu na wenzake wanasema, "Kwangu ni sawa tu dada, usijali." Pilipili anaandika hivi:

"Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi. Nimepandisha picha ya termostati, simu aina ileile ya jana. Imekwama asilimia arobaini. Jana ilikwama hapo hapo. Picha ndogo inapita, kubwa haipiti. Au nalo jukwaa limefunga saumu, halili picha kubwa?"

Nilimchukia kwa sentensi ya mwisho. Kisha nikasoma tena zilizotangulia. Saa, dakika, aina ya simu, mahali ilipokwama. Nilijua pa kutazama kabla sijamaliza kusoma. Seva ilikuwa imejaa. Nikafuta mafaili ya muda, picha zikapanda.

Wale wanaoniambia ni sawa hawajawahi kunisaidia hata siku moja, kaka. Sikuwahi kulifikiria hilo.

Aprili 26, Jumapili

Na. 42. Imebaki moja.

Mei 2, Jumamosi

Marekebisho yote yameingia kwenye jukwaa la majaribio isipokuwa Na. 31. Hiyo nimeiacha. Namba ya toleo itaonekana chini ya ukurasa kama kwa watu wengine. Samahani. Sikuweza kuiandikia sababu na mimi.

Saa nne asubuhi nimechukua nakala ya jukwaa zima nikaiweka kwenye flashi. Nimehesabu: machapisho 88,402. Flashi nimeifunga kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua, na mfuko nimeuweka kwenye mkoba, na mkoba nitalala nao.

Mei 3, Jumapili

Nilianza saa mbili asubuhi. Nikafunga jukwaa, nikapandisha mafaili, nikabofya SASISHA. Mstari wa kijani ukatambaa. Mikono yangu niliikalia ili isiguse kitu. Wifi alisimama mlangoni, "napita tu," na akapita mara sita.

Saa saba mchana likafunguka. Kitufe cha IMEPONA kipo. Onyo jekundu lipo. Nikaita, "Wifi, njoo uone!" na nikakumbuka ombi lake, nikajiziba mdomo. Akaja. Akatazama.

"Mke mwenzangu kavaa nguo mpya," akasema.

Pilipili alikuwa wa kwanza kuandika: "Kitufe cha Imepona kimehamia kushoto. Kina miguu?" Nikakirudisha kulia. Kwa Pilipili, huko ndiko kupongezwa.

Mei 4, Jumatatu

Nimelala usingizi wa kweli. Hakuna malalamiko.

Mei 5, Jumanne

Nilikuwa dukani, nachapa barua ya mtu anayeomba kazi, simu ikaita. Namba nisiyoijua. Sauti nzito, ya haraka, isiyosalimia.

"Ni mimi, Pilipili. Namba yako nimeipata kwenye tangazo la msiba. Mzee Gesi yuko wapi?"

Nilidhani amechanganyikiwa. Mzee Gesi alikufa miaka minne iliyopita. Ulisafiri kumzika, na mara zote ulikuwa ukimwita mwalimu wako.

"Mzee alishatutoka, kaka."

"Najua alitutoka! Mimi nilibeba jeneza. Nasema maneno yake. Mada yake ya kutambua gesi kwa harufu na baridi, ile naisoma kila nikipata friji geni. Haipo. Nimemtafuta kwa jina, hayupo. Jana asubuhi alikuwepo."

Nikafungua jukwaa hapo hapo. Nikatazama hesabu. Machapisho 81,950. Watu wameandika siku mbili, inapaswa kuwa imepanda. Zaidi ya elfu sita hayapo.

"Upo?" akauliza.

"Nipo."

"Basi usilie kwanza. Tazama kwanza."

Nimetazama hadi magharibi. Hakuna aliyeingia na kufuta. Daftari nimelipitia ukurasa kwa ukurasa, namba zote zipo. Hakuna kosa ninaloliona. Nimemwomba wifi nilale hapa.

Mei 6, Jumatano

Niliamka alfajiri nikakaa mbele ya kompyuta na ukurasa wa hesabu. Mvua ilikuwa nzito. Wifi alileta kiti akakaa pembeni, kwa mara ya kwanza tangu nije. Tukawa tunaitazama namba kama watu wanaopima homa ya mtoto.

81,963. Ikakaa hapo. Saa kumi na mbili kamili, bila mtu kugusa kitu, ikawa 79,204.

Wifi alinishika mkono. "Nini hicho?"

"Kinafuta. Kila asubuhi saa hii. Kuna kitu ndani kinafuta watu." Nikatafuta majina. Walioondoka walikuwa wale waliokaa kimya muda mrefu, pamoja na kila walichowahi kuandika. Na wengi wao nawajua, kaka, wewe ndiye uliyeniandikisha taarifa za misiba yao. Nikapiga hesabu. Wewe mara ya mwisho uliingia Januari. Mwaka ukitimia, ungeondoka na wewe asubuhi moja, na elfu sita zako, nami nikiwa nachapa barua ya mtu.

"Daftarini hakuna," nikasema. "Nimetafuta. Kama alikizuia, hakuandika."

Wifi aliachia mkono wangu. "Mfagio," akasema.

"Nini?"

"Msiba wa mama yangu. Tuko kwetu, watu wamekaa chini, na mume wangu yuko nyuma ya nyumba na simu, anapiga kelele: 'Mfagio! Wana mfagio humu!' Nilimfuata. Nikamwambia maneno, wifi, ambayo sikuwahi kumwambia kabla wala baada. Mama yangu yuko ndani na wewe unacheza na simu. Akaniambia, 'Wanamfuta Mzee.' Nikamwambia, 'Mzee yupi, aliyekufa huku ni mama.'" Akafuta uso kwa upande wa khanga. "Daftari lilikuwa nyumbani. Alifanya palepale, kwenye simu. Hatukuzungumza tena habari hiyo. Nadhani aliona aibu hata kuiandika."

Nikatafuta kwenye mafaili ya zamani, tarehe za msiba ule. Lilikuwepo. Mstari mmoja umezimwa kwa mkono wako: ondoa wanachama wasioingia kwa siku 365. Na katika toleo jipya si mstari tena. Ni kisanduku kidogo kwenye ukurasa wa mipangilio, chini kabisa, kimekuja na tiki tayari.

Kutoa tiki ni kubofya mara moja. Waliofutwa ndio kazi. Ilibidi nirudishe nakala ya Jumamosi, nilisasishe upya jukwaa zima, nitoe tiki, na yote hayo kabla ya kesho saa kumi na mbili. Nilimpigia bosi. Akasema, "Msiba mwingine?" Nikasema, "Nusu." Akaniruhusu.

Kwanza nilinakili machapisho yote yaliyoandikwa tangu Jumamosi saa nne, hamsini na saba, maana nakala ya Jumamosi haiyajui. Saa sita nikaanza kurudisha. Saa nane radi, na umeme ukakatika. Betri ya kompyuta yako imekufa zamani, skrini ikawa nyeusi nusu ya kazi.

Kaka, sitaki kukumbuka saa tatu zile. Jukwaa kule lilikuwa si la zamani wala si jipya. Flashi niliishika kiganjani mpaka ikawa na joto. Nilimpigia Pilipili kwa sababu sikuwa na mwingine.

"Nakala unayo mkononi?" akauliza.

"Ninayo."

"Ni nzima?"

"Nadhani."

"Hapo hujapoteza kitu. Friji likizima katikati ya kujaza gesi unafanya nini?"

"Sijui, mimi si fundi."

"Unafunga, unasubiri, unaanza mwanzo. Huendelei ulipoishia. Ukiendelea ulipoishia ndiyo unaua. Umenisikia, Karani?"

Ndiye mtu wa kwanza kuniita hivyo tangu Januari. Sikujua kwamba ulikuwa ukiwaambia watu.

Umeme ulirudi saa kumi na moja jioni. Nilitamani kuendelea pale nilipoishia. Nilifuta vyote nikaanza mwanzo. Saa moja mstari wa kijani ulifika mwisho. Nikaenda chini kabisa ya mipangilio, nikatoa tiki. Wifi akasema, "Toa tena." Nikamwonyesha kwamba imeshatoka.

Mei 7, Alhamisi

Jukwaa bado nimelifungia wanachama wasiandike. Saa kumi na mbili kamili. 88,402. Saa kumi na mbili na dakika tano. 88,402. Wifi alisoma namba kwa sauti kila dakika mpaka saa moja, kisha akaniomba nimfungulie mada ya Mzee Gesi. Akaisoma yote, kuhusu harufu na baridi, mambo yasiyomhusu hata kidogo.

"Kumbe alikuwa anamwokoa huyu," akasema.

Mei 9, Jumamosi

Nimerudisha yale hamsini na saba, moja moja, na majina ya wenyewe juu. Wanachama nimewaeleza yote, pamoja na miaka mitatu bila sasisho na ile namba iliyofichwa. Niliogopa wangekusema vibaya. Wachache walikusema. Pilipili aliwajibu, "Aliyewahi kuzima friji lisizimike arushe jiwe, wengine rudini kazini." Hata sijui maana yake. Wamerudi kazini.

Mei 17, Jumapili

Mvua inapungua. Nimelitoa sufuria.

Mei 24, Jumapili

Limekuja sasisho dogo. Nimechukua nakala, nimejaribu pembeni, nimepandisha, nimerudishia marekebisho yako. Kisha nikashuka chini kabisa ya mipangilio. Tiki ilikuwa imejirudisha yenyewe. Nimeitoa.

Nimeandika daftarini chini ya mwandiko wako:

Na. 44: Kisanduku cha mfagio. Kikaguliwe baada ya kila sasisho, bila kukosa. Sababu: waliokufa hawawezi kuingia.

Mei 31, Jumapili

Kampuni imetuandikia kwamba tumo, kesho hatutazimwa.

Jioni nimempigia Pilipili nikampa neno la siri la pili la kusimamia jukwaa. Akauliza, "La nini? Unaenda wapi?"

"Siendi popote. Wewe umeandika malalamiko mia mbili na kumi mwaka huu, nimehesabu. Mtu anayeona hivyo anapaswa kuwa na ufunguo."

"Mimi siwezi kuwa mpole kwa watu."

"Sikuombi upole."

Nikasikia kompresa ya mtu ikinguruma nyuma yake. "Haya. Nifanye nini nao?"

Nilimsomea Na. 44, akaiandika, nikamsikia akiirudia neno kwa neno kama ninavyofanya mimi dukani. Halafu nikamwambia jambo la mwisho, na wewe kaka ulisikie pia.

Siku ikitokea sijaingia mwaka mzima, kagua kile kisanduku kwanza. Kisha unikumbuke.